Adhabu ya Handaki

Sehemu ya Kumi na Moja

Kila dereva wa kaskazini ya Pemba, awe wa lori la mchanga au wa bodaboda, anaijua sheria ya Handaki. Njia ile ya udongo mwekundu, iliyochimbwa na maji na magurudumu mpaka kuta zake zikapita kimo cha mtu, haina nafasi ya magari mawili. Ukifika mdomoni unasimama. Unazima injini, unateremsha vioo, unapiga honi mara tatu, na unasikiliza. Ukijibiwa, unangoja.

Anayeingia bila kusikiliza, akamkuta mwenziwe katikati, hubeba mzigo wa mwenziwe huyo kwa bega lake mwenyewe mpaka unakokwenda. Wala hauweki chini mpaka anayeupokea atamke neno moja tu: tua.

Zubeir Nyange aliijua sheria hiyo tangu hajaota ndevu. Na tulipoachana naye wiki iliyopita, asubuhi ya Jumamosi, alikuwa amekwisha kuivunja. Honi tatu alizipiga. Injini hakuizima, na vioo hakuviteremsha.

Gari jipya halipitishi sauti. Hiyo ndiyo sifa aliyoitangaza miezi mitano, vijiweni na harusini. Basi ndani ya pikapu ile nyeupe, kiyoyozi kikivuma na mama yake akigugumia kwa maumivu kiti cha pili, honi tatu za jibu hazikumfikia. Alipokata kona akaona mbele yake kitu chekundu, kifupi, kisicho na paa. Akakanyaga breki. Udongo uliokunywa mvua ya alfajiri haukuitii breki.

Pikapu ikateleza ubavuubavu. Pua ikachimba ukuta wa kushoto, mkia ukagonga ukuta wa kulia, na ukuta huo wa kulia ukaporomoka, ukamwaga udongo mbichi mlangoni mpaka juu ya kioo. Gari likakaa pale mshazari kama komeo.

Hatua mbili mbele yake, lile gari jekundu lilikuwa limesimama salama.

"Mama," Zubeir akaita.

Bi Mwanawema alikuwa amejikunja, mkono ameukaza ubavu wa kulia wa tumbo, macho ameyafumba. Alfajiri ile muuguzi wa Makangale alikuwa amemminya hapo mara moja tu, akasema ni kidole tumbo, na kwamba mgonjwa lazima awe mbele ya mpasuaji Chake Chake kabla ya adhuhuri. Kikimpasukia njiani, aliongeza, tusije tukatafuta wa kumlaumu.

Ilikuwa saa tatu kasoro robo.

Zubeir akausukuma mlango wa kushoto. Ukafunguka vidole viwili, ukagota kwenye ukuta. Wa kulia haukutikisika kabisa. Akatia gia ya nyuma, akakanyaga mafuta. Magurudumu yote manne yakavuta, kama alivyokuwa akijisifu, na kila moja likajichimbia shimo lake. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Akazima injini.

Hapo ndipo aliposikia, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, ndege wa msitu wa Ngezi, na matone ya maji, na viatu vya mtu vikija polepole.

Alikuwa Mzee Kumail.

Msomaji anamkumbuka Mzee Kumail, muuza sindano, nyuzi na vipuri vya baiskeli pale Wete. Gari lile jekundu aliachiwa na marehemu baba yake. Lina viti viwili, halina paa, na urefu wake haufiki kifuani kwa mtu mzima. Lilikuwa likienda kasi Pemba hii kabla Zubeir hajazaliwa, na vijana wanne wenye afya wanaweza kulinyanyua wakalihamisha.

Mwezi uliopita, penye pampu ya mafuta ya Konde, Zubeir alisimamisha pikapu yake kando ya gari lile, akachungulia chini kutoka dirishani na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mzee, huu mguu mmoja. Kiatu cha pili umekiacha wapi?" Watu walicheka mpaka muuza mafuta akamwaga. Mzee Kumail alilipa, akashukuru, akaondoka.

Leo mzee huyo hakufungua mlango wa gari lake ili atoke. Aliuruka tu kama mtu anavyoruka kizingiti. Akaja akasimama mbele ya kioo cha pikapu, akatoa salamu kwanza, kisha akauliza kuna nani humo.

"Mama yangu. Mgonjwa. Kidole tumbo."

Mzee Kumail hakuuliza la pili. Akajaribu kupita kushoto, hapakuwa na pa kupita. Akajaribu kulia, akazama udongoni mpaka goti. Akarudi mbele, akaitazama pikapu yote kwa mara moja, kama fundi anavyotazama kitambaa kabla ya kukata.

"Mlango uko huku," alisema.

"Wapi?"

"Hiki kioo."

Zubeir akakitazama kioo cha mbele. Hakikuwa na hata mkwaruzo. Kila asubuhi alikifuta kwa kitambaa chake maalumu, wala hakumruhusu mtu mwingine kukigusa.

"Kioo hiki kinatoka Dar es Salaam, mzee. Kukiagiza ni wiki tatu."

"Na mama anaagizwa wapi?"

Zubeir akakilaza kiti chake, akalala chali, akakunja magoti, na kukipiga kioo kwa nyayo mbili. Kikageuka cheupe chote. Mzee Kumail akamwelekeza apige pembeni, penye mpira, si katikati. Akapiga mara ya tano, mara ya sita. Mara ya saba kioo kikatoka kizimakizima, kikajikunja juu ya boneti kama mkeka uliolowa, na hewa ya msitu ikaingia.

Kumtoa Bi Mwanawema kulichukua muda ambao hakuna aliyeupima. Boneti ya pikapu ilikuwa juu kama baraza. Walitandika kanga juu yake, Zubeir akamshika mama kwapani, Mzee Kumail akazipokea nyayo, wakamteremsha taratibu, naye akiuma ncha ya mtandio wake asipige ukelele mbele ya mwanamume asiye jamaa yake. Mara moja tu alisema, na neno lenyewe lilikuwa, "Polepole, baba." Kwa kusikia mama akimwita hivyo, Zubeir akazidi kumshusha taratibu.

Gari jekundu lilikuwa chini sana hata mgonjwa hakuhitaji kupandishwa. Alihitaji kukalishwa tu. Lakini kiti cha pili hakikuwa kitupu. Palikuwa na kitu kimefungwa kwa gunia na kamba, kimekaa wima kama abiria.

"Utoe huo," alisema Mzee Kumail. "Ni mzigo wa watu, uangalie."

Zubeir akauinamia, akaukumbatia. Ulikuwa chuma, mzito kuliko ulivyoonekana. Alipouinua, gunia likateleza upande mmoja. Kwanza ukatokea mkono mweusi wenye nakshi za dhahabu zilizochakaa. Kisha gurudumu dogo la kuzungushia. Kisha pembe ya kitako cha mbao, na kwenye pembe hiyo herufi moja iliyochomwa kwa chuma cha moto: R.

Akasimama nayo kifuani. Hakuweza kuendelea wala kurudi.

Cherehani ile aliitoa yeye mwenyewe, miaka sita iliyopita, mbele ya kadhi na mashahidi. Ilikuwa mahari ya mkewe, Ruweida binti Msellem, wa Makangale. Herufi ile Ruweida aliichoma kwa mkono wake juma la kwanza la ndoa, akicheka, akisema asije mtu akadai ni yake. Kwa cherehani ile alishona sare za nusu ya wanafunzi wa kijiji.

Na miezi mitano iliyopita iliuzwa, kabla ya pikapu kutoka bandarini. Ruweida alikuwa Fundo kwenye msiba wa shangazi yake. Aliporudi akakuta meza tupu. Akamuuliza mumewe swali moja, akajibiwa kwa maneno mawili, akafunga nguo zake na kurudi kwa baba yake. Tangu siku hiyo, Makangale nzima inajua kwamba Zubeir Nyange aliuza mahari ya mkewe ili anunue gari.

Makangale nzima inajua, na si kweli.

Zubeir siku hiyo hakuwapo Pemba. Alikuwa Unguja, bandarini, akiambiwa kwamba fedha haikutimia na gari litarudishwa kwa aliyeliuza. Aliyeichukua cherehani mezani, akaifunga kwenye shuka na kuipeleka kwa dalali wa Wete, ni Bi Mwanawema. Alikusudia kuikomboa baada ya msimu wa karafuu, kabla mtu hajajua. Ruweida aliporudi mapema na kuuliza, "Nani ameuza?", mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba, na Zubeir aliiona miguu yake chini ya pazia lile. Akasema, "Ni mimi."

Pazia halikutikisika. Wala halijatikisika mpaka leo.

Sasa Bi Mwanawema, kwenye kiti kile cha chini, aliiona herufi. Akaitazama. Kisha akageuza uso upande wa ukuta wa udongo.

Mzee Kumail hakuyajua hayo ya nyuma ya pazia. Alieleza tu, akimfunga mgonjwa mkanda, kwamba aliinunua kwa dalali bila kujua ni ya nani, mpaka Ruweida alipoingia dukani kutafuta sindano, akaiona rafuni, akaweka kiganja juu yake na kutoka bila ya sindano. Mzee akaulizauliza mtaani, akaambiwa.

"Mahari ya mtu haikai dukani kwangu," alisema. "Nilikuwa naipeleka leo. Sasa utaipeleka wewe."

"Mzee, nakuomba. Niache niende na mama. Cherehani nitaipeleka kesho, nakuapia."

"Utakaa wapi? Mapajani mwangu?"

Ni kweli, viti vilikuwa viwili. Na nyuma yake, gari lenye viti vitano lilikuwa limejikaza kati ya kuta mbili na halikuwa na msaada wowote kwa mtu yeyote.

"Honi zangu nilipiga," Zubeir alisema. "Sikusikia jibu."

"Sheria haikukuamuru usikie. Ilikuamuru uzime injini usikilize. Ulizima?"

Zubeir akageuka kuitazama pikapu.

"Huyu hakuzima," ilisema sauti kutoka juu. "Mimi nilikuwapo, nilimsikia akinguruma mpaka kwenye kona."

Aliyesema alikuwa Soud, mlinzi wa msitu, aliyekuwa amechuchumaa juu ya ukingo kama jaji, panga limelazwa mapajani. Shahidi amepatikana. Zubeir akatambua kwamba kila upande wake sasa una ukuta.

Akamtazama mama yake, labda atasema neno. Bi Mwanawema alifumbua macho.

"Nenda nayo," alisema, na sauti ilikuwa ndogo mno. "Ipeleke, Zubeir."

Mzee Kumail akawasha. Gari likakohoa mara mbili, kisha likaanza kurudi kinyumenyume, mzee akiwa amegeuza shingo, mkono mmoja juu ya kiti cha mgonjwa, kuta zikimpisha kwa upana wa kiganja kila upande. Halikugusa popote. Kwenye mdomo wa Handaki likageuka mahali ambapo kitanda kisingegeuka. Zubeir akalisikia likiongeza kasi kuelekea Konde, mlio wake mwembamba ukipungua, mpaka usisikike tena.

Saa tatu na dakika ishirini.

Ili aende Makangale ilimbidi apande juu ya gari lake mwenyewe. Akapanda boneti na cherehani begani, akakanyaga paa kwa viatu vilivyojaa matope, akashukia kwenye bodi, akatokea upande wa pili. Soud alimfuata kwa juu, ukingoni, bila haraka.

Kusaidia kubeba hakuruhusiwa, na Soud si mtu wa kuvunja sheria. Kuzungumza kuliruhusiwa.

"Hivi hilo gari lako lina nguvu za farasi wangapi?"

"Mia na hamsini."

"Mia na hamsini," Soud akarudia, akitikisa kichwa. "Na asipatikane mmoja wa kubeba cherehani."

Njia ile kwa miguu ni saa moja na nusu kwa mtu asiye na kitu. Zubeir alihamisha mzigo bega la kulia, bega la kushoto, akaurudisha la kulia. Ukingo wa kitako ukamla shati, kisha ukaanza kumla ngozi. Ndani ya msitu simu haikamati, na hata ingekamata asingekuwa na mkono wa kuishika. Kila aliposikia mlio wa mbali alidhani ni gari jekundu linarudi na habari. Kila mara ilikuwa pikipiki tu, inaelekea kwingine.

Hesabu yake ilikuwa moja. Konde. Wete. Chake. Gari lile la zamani lina umri gani? Likikata mkanda? Likichemka? Mara ngapi amelicheka kwamba halifiki? Sasa alikuwa akiliombea, kila hatua, lifike.

Soud alimuuliza, walipopumzika kwa kusimama, atamwambia nini Ruweida. Zubeir akajibu kwamba hana la kumwambia. Soud akasema hilo ndilo lililomfukuza mwanamke wa watu.

Walitoka msituni saa tano na nusu. Watu wa barazani walinyamaza mmoja mmoja walipomwona. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mtu anayetoka upande ule na mzigo begani na shahidi nyuma yake hahitaji kuulizwa. Jirani mmoja, Bi Rahila, alimpungia Soud mkono na kumuuliza kama wanatoa zabuni ya uchukuzi.

Ruweida alikuwa mbele ya nyumba ya baba yake, anakata kitambaa juu ya mkeka. Akainua macho. Aliiona cherehani kabla ya kumwona aliyeibeba.

"Karibu, Soud," alisema.

Soud akaeleza: Handaki, injini, gari la Mzee Kumail, adhabu. Alieleza kwa ufupi na kwa haki. Kuhusu Bi Mwanawema akasema tu kwamba ni mgonjwa na amepelekwa Chake.

Ruweida akasimama, akakaribia, akagusa herufi yake kwa ncha ya kidole. Hakusema tua.

"Umeileta kwa hiari yako au kwa adhabu?"

"Kwa adhabu."

"Angalau leo umesema kweli."

Palikuwa na maneno manne mdomoni mwa Zubeir. Si mimi, ni mama. Miezi mitano ameyakalia. Akiyatoa, atatua mizigo miwili kwa pamoja, na mama yake aliyelala hospitali, au aliyekufa njiani, atabaki na jina la mwizi wa mahari ya mkazamwanawe. Akiyameza, mke huyu hatarudi. Akayameza. Jasho likamwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Hapo simu ikaita mfukoni mwa shati lake.

Ikaita. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Huenda ni hospitali," Zubeir alisema. "Ruweida, nakuomba."

Ruweida akaitoa mfukoni mwake kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kaa la moto. Jina lililoandikwa lilikuwa la Mzee Kumail. Akaitika salamu, akasikiliza.

"Wamefika saa tano kasoro," alimwambia Soud, si Zubeir. "Daktari amekwisha kumwona. Wanamwandaa kumpasua."

Zubeir akafumba macho.

Lakini Ruweida hakukata simu. Uso wake ukabadilika, akageuka nusu.

"Naam, ndiye mimi," alisema. "Nnakusikia, mama."

Kisha akasikiliza.

Mkasi aliokuwa nao mkono wa pili ukateremka polepole mpaka ukaning'inia. Zubeir hakusikia hata neno moja la upande wa pili, ila aliona macho ya mkewe yakienda kwenye herufi, yakarudi, yakapanda begani kwake palipochanika shati na damu kushika kitambaa, yakatua usoni mwake. Miezi mitano hakuwa amemtazama hivyo. Soud, mtu wa maneno, alipata kitu cha kutazama kwenye paa la nyumba ya jirani.

"Tua," alisema Ruweida.

Zubeir akapiga magoti, akaishusha cherehani juu ya mkeka, katikati ya vitambaa vilivyokatwa. Bega lake likabaki limepinda, kana kwamba halijaambiwa.

"Nimeshuhudia," Soud akasema. "Adhabu ya Handaki imelipwa, hadaiwi na mtu." Akachukua panga lake, akaaga.

Zubeir akanyoosha mkono apewe simu yake. Ruweida hakumpa. Bado ilikuwa sikioni.

"Hilo la cherehani nimelifahamu, mama, na nimelisamehe," alisema kwenye simu, taratibu, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. "Sasa hilo la pili. Lirudie, tangu mwanzo."

Akaingia ndani. Komeo likalia.

Zubeir akabaki amepiga magoti mkekani, mikono mitupu, akisikiliza sauti isiyopenya mlango. Miezi mitano alidhani anaijua siri yote ya mama yake. Hakuwa na habari kwamba lipo la pili.